Mzee wa Barazani Mikindani

Jamani, bora nisimulie mwenyewe kabla wanafunzi wangu hawajawafikia. Mimi ni mwalimu wa sekondari Mtwara, Msukuma niliyehamishiwa huku. Juzi nilikwenda ile hoteli ya kale inayotazama bahari, Mikindani, kuomba kuleta darasa langu kutembea.

Barazani alikaa mzee wa kanzu, ndevu nyeupe pe.

"Shikamoo, babu."

Akaendelea kutazama bahari. Nikadhani hasikii, nikapaza sauti. Watu waliojibanza nyuma ya nguzo wakaanza kunipungia mikono: chini, chini! Nikachanganyikiwa. Huyu ni nani hasa, mpaka asalimiwe kwa kuinama? Basi nikafanya kama tulivyolelewa kwetu, nikapiga magoti kabisa sakafuni.

"Shikamoo, babu!"

Midomo ya mzee ikatetemeka. "Marahaba, mwanangu."

"Kata!" mtu akafoka. "Nani kamwingiza huyu mama kwenye filamu yetu?"

Mzee akabandua ndevu, machozi ya kicheko yakimtoka. Kumbe ni Hamisi, mwanafunzi wangu niliyempigisha magoti nje ya darasa mwaka mzima kwa kuchelewa.

"Inuka, madam," akasema. "Leo nimekusamehe."