Mahali pa Kuweka Kriki

Watu wa Kingi wanamjua Mama Thacienne kwa mambo mawili: maharagwe yake hayana mawe, na maswali yake hayana mwisho. Bwana yake Grégoire alipofariki, wanaume wa ukoo walitaka kile kigari chekundu alichokiacha kiuzwe. Akawauliza, "Nani kati yenu alizaliwa na volani mukononi?" Akashika usukani mwenyewe, akajifunza kuendesha akiwa na miaka arobaini na mitatu, na kuku wa majirani wakajifunza kukimbia.

Kitu kimoja tu hakukijua: chini ya gari. Kila pine, yaani tairi, ilipotoboka, Grégoire alijilaza pembeni, akapapasa huko chini kwa muda, ndipo akaweka kriki, ile jeki yake, na kuinua gari. Alichokuwa akipapasa hakukisema, na kazi ya Thacienne ilikuwa kushika buloni tu, zile nati za pine.

Asubuhi hiyo alikuwa anampeleka jirani yake, Mama Mukashema, kwenye hospitali ya Kirotshe. Madaktari wa macho walikuja kwa siku mbili, na hii ilikuwa ya mwisho; saa sita mchana wanafunga orodha. Mukashema alifinyanga vyungu maisha yake yote, lakini macho yalikuwa yamefunikwa na ukungu, na uso wa mjukuu wake hajauona hata siku moja. Basi kwenye mteremko, kabla ya mji wa Sake, gari likaanza kuchechemea kama mbuzi aliyekanyaga mwiba. Pine ya mbele imelala.

Thacienne akalisogeza polepole mpaka palipo tambarare, akavuta freni ya mkono, akamshusha Mukashema, akaweka mawe nyuma na mbele ya pine isiyotoboka, akalegeza buloni. Mpaka hapo alijua. Kisha akasimama na kriki mkononi kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Akatokea Nizeyimana, msukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, amepakia mbao.

"Weka katikati, Mama," akaamuru hata kabla ya salamu. "Gari iko kama mukungu wa ndizi kwa kichwa. Katikati ndio balansi."

"Papa, weye uko na gari?"

"Hapana. Lakini niko na kichwa."

"Nakiona. Kikubwa."

Hata hivyo akamwachia, maana yeye mwenyewe mahali pake hakupajua. Nizeyimana akaweka kriki chini ya sakafu, akazungusha. Gari likapanda kidogo, kidogo tena, halafu kraa! Kichwa cha kriki kikachungulia ndani, mbele ya kiti, na gari likashuka kwa kishindo. Kumbe pale palikuwa na kopo la mafuta ya kula lililopondwa na kupakwa rangi nyeusi. Kwetu matundu ya gari ndivyo yanavyozibwa, na rangi ikikauka, macho hayana habari.

"Tuite banaume, tuinue na mikono," Nizeyimana akasema, bila aibu.

"Mumoja akipiga chafya, vidole vyangu vinabaki hapa. Sogea."

Thacienne akatandika kitenge, akajilaza ubavu, kichwa nje na mkono chini ya ukingo wa mlango. Akaanza kugonga kwa kle ya pine, ile spana ya buloni, asikie wapi ni kopo na wapi ni chuma. Pwa. Pwa.

"Hiyo iko na ufa," ikasema sauti ya Mukashema, aliyekaa juu ya jiwe. "Piga kando."

"Mama, hiki si chungu."

"Kinalia kama chungu. Piga!"

Pwa. Pwa. Akasogea mbele, karibu na pine. Ko!

"Hapo! Hiyo ilipikwa ikaiva."

Thacienne akapeleka vidole. Ukingo wa chuma ulikuwa umekunjwa mara mbili, una alama mbili zilizokatwa, na kati ya zile alama rangi ilikuwa imekwanguka. Kriki ya Grégoire ilikaa hapa, miaka yote.

"Kumbe ni hapa ulikuwa unatafuta," akamwambia asiyekuwepo. "Kusema tu kungekuua?"

Ila udongo ulikuwa laini, kriki ingezama.

"Papa, leta ubao mumoja."

"Eh! Hizi ni za mabenchi ya kanisa!"

"Vizuri. Zianze leo kubeba wakristo."

Ubao ukawekwa chini, kriki juu yake, na gari likainuka bila kulia; pine ya akiba ikafungwa.

Walifika Kirotshe muuguzi akiwa ameshafunga kalamu.

"Mumechelewa, Mama. Na hiyo matope yote?"

"Andika kwanza, dada. Utanigombesha kisha."

Muuguzi akamtazama Mukashema, akafungua kalamu. Mukashema akawa wa mwisho kwenye orodha, akashikwa mkono, akaingizwa.

Thacienne akarudi nje, kwenye gari lake uani. Kungoja kulikuwa kurefu, na zilibaki pine tatu ambazo mahali pa kuziwekea kriki alikuwa hajapajua. Akachukua kle, akatandika kitenge upande wa nyuma, akaanza kugonga.

Mlinzi akaja mbio. "Mama! Umeangusha nini?"

"Sijaangusha kitu. Nyamaza kidogo, Papa, niko nasikiliza."