Neno Moja la Rigo

Somo la jioni ile lilimkera Eulalia tangu mwanzo. Kiingereza kina kitenzi kimoja, "stop", kisha wenyewe wanakibandika kijineno nyuma na maana yote inageuka. Huo si ujanja tu? Alikuwa mjane, mkata nyama wa miaka mingi kiwandani Kansas, na darasa hili la kanisani alijiunga nalo kwa jambo moja tu: azungumze na wajukuu zake. Baba yao, mwanawe Rigo, hakuwafundisha Kihispania hata cha kuombea maji. Hilo nalo lilimuudhi.

Mwalimu alipotaka mifano ya safari, Eulalia akainua mkono.

"Mwanangu na wanawe wanakwenda Dallas. Ijumaa wata-stop off kwangu. Vitanda nimeshatandika, na tamale za unga wa mahindi za kutosha siku tatu ziko kwenye friza."

Mwalimu akamsahihisha. "Doña Eulalia, stop off ni kupitia tu. Wakilala, hiyo ni stop over."

"Umekosea wewe, mwalimu!"

"Hajakosea, mwenzangu," akadakia Chayo, jirani yake wa dawati. "Stop off hata viatu huvui."

Darasa likaangua kicheko. Eulalia akazoa vitabu vyake, akatoka nje, akampigia Rigo.

"Mtalala kwangu au hamlali?"

"Si nilikwambia, mama? Tunakusalimu, tunakula, tunaendelea. Hoteli tumeshachukua huko mbele."

"Hukuniambia! Ulizungumza Kihispania mwanzo mpaka mwisho, ukafika kwenye neno hilo moja, stop off, ukahamia Kiingereza. Kwa nini?"

"Nilijua utakasirika."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Rigo iliishia darasani. Mtoto aliyemlea kwa lugha moja kajificha nyuma ya nyingine, tena ileile mama yake anayoitolea jasho kwa ajili ya wajukuu! Hasira zilimpanda.

"Mimi najifunza Kiingereza nizungumze na wanao, wewe unakitumia kunifumba macho. Basi msisimame kabisa! Piteni!"

"Mama, usiseme hivyo."

"Nimesema piteni!" Akakata simu.

Alibaki kwenye ngazi za kanisa akihema. Aliwakasirikia mwalimu, Chayo na Rigo, lakini zaidi alijikasirikia mwenyewe, kwa kuwa alijijua: Ijumaa tangu asubuhi atakuwa dirishani, anatazama barabara.