Mtu Asiyesalimia Njiani

Kwetu Bukavu, miaka ile ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, kijana aliyempita mzee bila kumsalimia alihesabiwa kuwa mwenye dharau. Mimi nilikuwa karani, nikimchumbia binti wa mkulima wa kilima cha jirani. Asubuhi moja, nikishuka kwenda mtaa wa Nyawera, nilimpita baba yake aliyekuwa upande wa pili wa barabara. Siku tatu baadaye mjomba wangu, aliyekuwa mshenga, alirudi amekunja uso.

"Muzee anasema ulimupita sawa vile unapita muti. Anauliza kama kalamu ya Wazungu imekuongeza urefu."

"Sikumuona, tonton," nilimjibu mjomba.

"Muzee mwenye koti nyekundu! Hata kuku walimuona."

Nilisema kweli. Kwangu mtu aliye ng'ambo ya barabara alikuwa rangi tu, bila uso, na nilidhani kila mtu anaona hivyo. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenipima. Sababu niliisoma baadaye katika kitabu cha Kifaransa: jicho langu ni refu kupita kiasi, hivyo mwanga wa vitu vya mbali hukutana kabla ya kufika kwenye utando wa nyuma, kisha hutawanyika, na sura hubaki ukungu.

Miwani niliyoagiziwa ilipofika, mimi na mjomba tulimwendea mzee nikamweleza. Yeye mwenyewe alikuwa akishika kitabu cha sala mbali na uso, maana lenzi ya jicho hukakamaa kwa umri. Hilo hakuna aliyeliona kuwa kasoro. Alinivua miwani, akaenda hadi mwisho wa uwanja.

"Vidole ngapi?"

"Papa, hata mukono sioni."

Alirudi polepole. "Basi haikuwa kiburi. Unisamehe." Alinirudishia miwani, lakini hakuketi. "Na watoto? Watazaliwa na macho ya vile?"

Mjomba alinikanyaga mguu. Kitabu kilisema kwamba kasoro hii mara nyingi hufuata ukoo, na mama yangu naye alikunja macho kila alipotazama mbali.

"Inawezekana, papa."

"Kiburi, mutu anaweza kukiacha," alisema. "Macho, hapana. Binti yangu hatakuja kwako."

Tulipofika kwenye lango la ua, mjomba alifoka: "Ungesema hapana, nani angejua?"

Niligeuka. Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Kabla ya miwani nilikuwa sijawahi kuuona uso wake kwa umbali ule. Sasa niliuona wazi: alikuwa ametusikia.