Maoni ya Wenye Bunduki za Kipimo

“Siku ile alipopiga, alifumba jicho lipi?”

Mwanangu, hilo ndilo swali nililoulizwa nikiwa nimetoka kumaliza chuo, nina daftari mkononi na kalamu mbili mfukoni. Nakumbuka siku hiyo vizuri kuliko siku niliyovaa joho. Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka tisa tu, kwa sababu mama yako ni dada yangu na mimi ni mama yako mdogo, upende usipende. Wiki ijayo unakwenda chuo. Wengine watakupa godoro na ndoo. Mimi nakupa habari ya bunduki.

Nilirudi Nyakasimbi bila kazi na bila subira. Chuoni nilikuwa nimejifunza kwamba mtu akisifu kitu alichonunua, huenda anajisifu mwenyewe kwa kukinunua. Nililichukua hilo nikalitembeza nyumbani kama mtu aliyenunua simu mpya. Nilimuuliza bibi amejuaje kwamba ndizi za kibanja chake ni tamu kuliko za jirani wakati hajawahi kula za jirani. Nilimuuliza katekista mambo ambayo mpaka leo akiniona njiani anakumbuka ana safari upande mwingine.

Mjomba Deo, unayemjua, alikuwa katibu wa kikundi cha watu wenye vibali vya silaha, kuanzia huku kwetu na Nyabiyonza mpaka Mabira kule Kyerwa. Nguruwe pori wakishuka kwenye mihogo na mahindi, maofisa wakitoa ruhusa, hao ndio huitwa. Wengi wao walikuwa na bunduki zilizoitwa za kipimo. Mtutu na vyuma vyote vilitoka kiwandani, lakini mbao, yaani kitako unachoegemeza begani na sehemu unapolaza shavu, ilichongwa na Fundi Bitegeko wa Kayanga, mwenye leseni ya kazi hiyo, kwa kufuata mwili wa mwenye bunduki. Alikupima kama fundi nguo: kutoka kwenye kiwiko mpaka kidole cha kufyatulia, kutoka shavuni mpaka begani, na urefu wa shingo. Hakutumia futi. Alitumia kamba kavu ya mgomba, akaifunga mafundo, kisha akaitundika ukutani pamoja na jina lako. Karakana yake ilikuwa na watu wengi wananing'inia kwa mafundo.

Sasa wanachama sita walikuwa wameleta bunduki zao za kiwandani ili zitengenezewe mbao, na kikundi kilitaka kuamua kama zipelekwe kwa Bitegeko au kwa fundi mwingine wa mbali. Kwa Bitegeko ilikuwa kazi ya kumfikisha mwisho wa mwaka.

“Koku,” mjomba aliniambia, “wewe si unauliza kila kitu? Katekista umeshamchosha. Kawaulize wenye bunduki, wanasemaje juu ya mbao za Bitegeko. Andika, utatusomea kwenye mkutano.”

Nilipanda bodaboda kwa muda wa wiki mbili. Mwalimu mkuu mstaafu wa Nyabiyonza alinikalisha sebuleni akazungumzia bunduki yake mpaka chai ikapoa. Ilimjua, alisema. Akiiinua, jicho lilikuwa tayari mahali pake, hakuwa na haja ya kulitafuta. Mfanyabiashara wa kahawa aliyehamia kutoka Muleba aliniambia kwamba kutumia ya kiwandani tupu ni kama kuvaa viatu vya shemeji yako: utatembea, lakini kila mtu atajua. Ma Anitha wa Mabira, mjane aliyerithi kihalali silaha ya mumewe na kwenda kuipunguzisha mbao, ndiye aliyenichekesha.

“Ilipokuwa ya kipimo cha marehemu,” alisema, “kila nikipiga ilinigonga shavu. Nikasema huyu mume bado ana hasira na mimi. Bitegeko alipokata mbao, ugomvi ukaisha.”

Niliandika yote, na yote niliyatilia shaka. Pembeni ya kila ukurasa niliweka alama ndogo yenye maana ya “anapenda chake”. Sikumwomba hata mmoja anionyeshe anavyoilaza begani. Nilidhani ninapima maoni, na maoni yako mdomoni.

Kisha nikafika kwa Mzee Kyaruzi, Ta Kyaruzi kama tunavyomwita kwa heshima.

Huyu alikuwa mtu wa makamo anayeelekea uzeeni, Mlutheri, mkulima wa kahawa, aliyesifika kwa shabaha tangu kabla sijazaliwa. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia, mkewe Ma Paskazia akaniletea kigoda. Niliuliza swali langu la kawaida. Akasema, “Mbao imepinda. Bunduki hii inapeleka risasi kushoto.”

Mwanangu, moyo wangu uliruka. Baada ya sifa kumi na moja, huyu hapa mtu wa kwanza asiyeona haya kulaumu kitu chake. Nilimwambia ningependa kuona. Alinipeleka nyuma ya kibanja, penye ukuta wa udongo anapojaribia shabaha, akabandika karatasi yenye duara, akapiga mara tatu. Nilisimama nyuma yake, macho yangu kwenye karatasi. Matundu matatu, yote kushoto, chini kidogo. Niliichukua karatasi ile nikaikunja ndani ya daftari kwa heshima, kama cheti.

Siku ya mkutano tulikaa kwenye ukumbi wa ofisi ya kata. Bitegeko alikuwepo, mtu mfupi mwenye vumbi la mninga kwenye nyusi. Ta Kyaruzi naye alikuwepo, mstari wa pili. Nilisoma sifa zile kwa haraka, nikaeleza kwamba zina upungufu kwa kuwa mwenye chombo hukitetea. Kisha nikaifungua karatasi nikaiinua juu.

“Hili,” nilisema, “si maoni. Hili ni tokeo.”

Watu walinong'ona. Mfanyabiashara wa kahawa alisema kwa sauti, “Basi na zetu zikaangaliwe, isije ikawa tunapendana na mbao zilizopinda.” Watu wakacheka. Mwenyekiti akamuuliza Ta Kyaruzi kama ana la kuongeza. Alitazama sakafu akasema, “Aliyoyaandika huyu msomi ndiyo hayo.”

Akaulizwa Bitegeko. Alisimama, akavua kofia, akasema mbao yake aliichonga kwa kipimo alichochukua siku ile alipompima mzee, na kwamba hana jingine. Akakaa. Niliona mtu aliyeshindwa kujitetea. Nilijisikia vizuri, sikufichi, nawe ungejisikia vizuri. Kikundi kikaamua bunduki sita ziende kwa fundi wa mbali.

Nilimkuta Bitegeko nje akivaa helmeti kando ya pikipiki yake. Nilimsogelea kumwambia kwamba si ugomvi, ni utafiti tu. Ndipo akaniuliza lile swali: siku ile alipopiga, alifumba jicho lipi?

“Sikuangalia,” nilisema. “Kwani jicho linahusikaje?”

“Binti, mimi sipimi bunduki. Napima mtu,” alisema. “Wewe umepima karatasi. Umewadharau watu kumi na mmoja kwa sababu wamefurahi, ukamwamini mmoja kwa sababu amenuna. Hiyo nayo ni kuamini tu.” Hakupandisha sauti. Akawasha pikipiki akaondoka, na vumbi likanibakia mimi.

Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikarudi kwa Ta Kyaruzi, nikamwomba apige tena, risasi moja tu. Safari hii sikusimama nyuma. Nilisimama ubavuni na sikuitazama karatasi kabisa. Aliweka bunduki bega la kulia kama kila siku. Kisha akafumba jicho la kulia. Ili jicho la kushoto lifike kwenye mstari wa mtutu, alilaza kichwa juu ya mbao mpaka shingo ikajikunja, na alipofanya hivyo bunduki yote ikalala upande wa kushoto. Akapiga. Sikuwa na haja ya kwenda kuangalia tundu liko wapi.

“Ta,” nilisema, “hilo jicho la kulia?”

Aliyejibu ni Ma Paskazia, aliyekuwa anaanika maharage. “Hilo hata mimi halinioni. Nikikaa upande huo ananiita kama nimekwenda sokoni.”

“Paskazia,” alisema mumewe.

“Nimesema uongo?”

Mzee akaishusha bunduki, akatoa ganda la risasi, akakaa juu ya gogo. Akaniambia kwamba ukungu ulianza taratibu kama mwaka na nusu nyuma. Alianza kukosa mbele za watu, watu wakaanza kuuliza, naye akajibu kwamba ni mbao. Nilipofika na daftari, alikuwa ameshalisema jambo hilo mara nyingi mno kuweza kulirudisha. Na uhakiki wa silaha ulikuwa unakaribia. Polisi wakijua haoni, kibali hakitahuishwa. “Mimi bila ile bunduki ni nani hapa?” aliniuliza. “Mzee wa kukaa barazani na kuhesabu kuku?”

Mwanangu, hapo nilikuwa na watu wawili mikononi. Nikimfichua huyu, namnyang'anya jina lake. Nikinyamaza, jina la fundi linabaki limepinda, na aliyelipinda ni mimi, kwa karatasi yangu. Chuo kilikuwa kimenifundisha namna ya kushuku. Hakikuwa kimenifundisha la kufanya baada ya hapo.

Nilimwambia Ta Kyaruzi kwamba habari ya jicho si yangu na sitaitangaza. Ila karatasi ni yangu, na nitakwenda kuifuta. Nilimwomba mjomba aitishe kikao. Nikasimama pale pale nilipokuwa nimesimama, nikasema niliingiza lawama ambayo sikuichunguza, nilitazama shabaha bila kumtazama anayelenga, na kwamba hakuna sababu yoyote ya kumkataa Bitegeko. Bitegeko mwenyewe hakuja. Mwenyekiti aliuliza nimejuaje sasa. Nikasema sina ruhusa ya kueleza. Wengine waliguna. Mwalimu mkuu mstaafu alisema, “Msomi leo hana tokeo?” Nilistahili.

Ndipo Ta Kyaruzi akainuka, polepole, akajishikilia kwenye kiti cha mbele.

“Mwacheni mtoto,” alisema. “Bunduki ni nzima. Mgonjwa ni mimi.” Akaeleza lote, bila kupamba. Mwezi huo huo aliipeleka silaha kituoni mwenyewe, kabla ya uhakiki, na akaenda hospitali ambako walimwambia amechelewa kidogo lakini si sana. Jicho lilirudi nusu. Bunduki hakuidai tena.

Usidhani hapo mambo yalikaa sawa. Bunduki sita zilikuwa zimeshakwenda kwa fundi wa mbali, na hazikurudishwa. Tena habari ya mbao iliyopinda ilikuwa imeshafika Mabira na kuvuka, na habari ya jicho haikusafiri nusu ya mwendo huo. Bitegeko aligeukia vitanda na makabati. Nilikwenda kumwomba msamaha. Alinipa kiti, akaniambia amesikia, akaendelea kupiga randa. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe, nami sikuuliza. Hilo ni swali moja nililojifunza kuliacha.

Basi nasaha yangu ni hii, na nakuandikia wazi ili usije ukasema mama mdogo alizunguka. Huko uendako watakufundisha kushuku sifa. Jifunze, ni elimu nzuri. Lakini lawama nayo ishuku vile vile, hasa ile inayokufurahisha kuisikia, kwa sababu siku hiyo anayeamini bila kupima ni wewe. Mtu akikupa maoni kuhusu chombo chake, mwombe akishike mbele yako, umtazame yeye kabla ya kutazama kilichotoka. Na ukimkosea mtu mbele za watu, msahihishe mbele za watu hao hao, hata kama utachekwa, hata kama umechelewa. Nenda mapema kuliko nilivyokwenda mimi.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe walimu watakaokuuliza usiyoyajua, akupe aibu ya kiasi, ile inayomrudisha mtu alikokosea wala si ile inayomkimbiza. Ulale salama huko, ule vizuri, na usiache kutupigia.

Limebaki jambo moja, nililolijua miaka mitatu baada ya mkutano ule, nilipokwenda kununua meza kwa binti wa Bitegeko, ambaye ndiye anayeiendesha karakana siku hizi. Kwenye rafu kulikuwa na mbao moja ya bunduki ya umbo la ajabu, imepindwa ubavuni kwa makusudi, ili mtu aiegemeze bega la kulia na alenge kwa jicho la kushoto. Chini yake, kwa penseli, palikuwa na jina la Ta Kyaruzi. Binti wa fundi alinieleza kwamba Ta Kyaruzi alikuja kwa siri, wiki kadhaa kabla sijaanza kuzunguka na daftari, akampa fundi habari yote ya jicho na kumwapisha asimwambie mtu. Siku ya mkutano Bitegeko alikuja nayo, amekwisha kuichonga, ameifunga nyuma ya pikipiki, ili Ta Kyaruzi akaijaribu baada ya kikao.