Uko na Virusi

Mimi ni mtu wa sauti kubwa. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwapigia wakunga kelele, na sijaacha. Duka langu la kompyuta liko Litein, si mbali na soko, na ukipita barabarani utanisikia kabla hujaona bango. Watu huliita saiba. Ndani kuna kompyuta tatu zilizotumika ng'ambo kabla ya kunifikia, printa moja yenye maringo, na mabenchi mawili. Moja liko ndani, lingine nje barazani chini ya dirisha, kwa wale wanaongoja mvua ipungue.

Haya ninayoyaandika yamenikaa kifuani muda mrefu. Mwenyewe yaliyompata amenipa ruhusa. Alisema niandike vile ilivyokuwa, mradi nisitaje jina la mtu. Kwa hivyo hakuna jina hapa, hata langu.

Kompyuta ya katikati ndiyo niliyokuwa nikipokelea kazi za wateja, na ilikuwa nzito, haki ya Mungu. Asubuhi naiwasha, naenda kuchota maji, nawasha jiko, napika chai, namaliza kikombe kizima, nikirudi nakuta kale kaduara bado kanazunguka. Ukibonyeza kitu, kanazunguka. Ukibonyeza tena kwa hasira, skrini yote inakuwa nyeupe na unabaki kujitazama. Nimeitukana mashini ile kwa maneno ambayo mtu wa kwaya hafai kuyajua. Wateja walikuwa wakinitania, "Mama, hiyo imegoma. Itisheni mkutano muisikilize."

Ndani yake kulikuwa na antivirasi, ile ya bure. Kila ilipoanza kukagua mafaili, kompyuta ililemaa kabisa. Siku moja ya soko, foleni imefika mlangoni na mtu wa mbele ananiuliza kama kweli hii ni kazi ninayoijua, nikaizima antivirasi. Nikasema nitaiwasha jioni. Kompyuta ikapata nafuu kidogo, na mimi kwa furaha nikasahau. Haraka haraka haina baraka, lakini nani hukumbuka methali akiwa na foleni?

Sasa kuna msichana mmoja niliyemjua tangu akibebwa mgongoni. Mama yake na mimi tunapeleka majani ya chai kituo kimoja. Tunapanga vikapu vyetu pamoja tukingoja lori. Msichana alisomea ualimu wa chekechea, akapata kazi, akapata mchumba kutoka kilima cha pili. Walikuwa wamepanga koito, ile siku watu wa mwanaume wanapokuja nyumbani kwa kina msichana kuzungumza mahari na kufahamiana. Zamani koito ilikuwa ya wazee na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa. Siku hizi kuna hema, keki, na ratiba iliyochapishwa kwa rangi yenye picha za wachumba wakitazamana. Ratiba hiyo ndiyo iliyomleta kwangu. Alikuja mara ya kwanza tukazipanga picha kwenye flashi yake, zikakaa vizuri. Wiki iliyofuata akarudi ili tuchapishe.

Ilikuwa mchana na mvua inanyesha. Nilichomeka flashi. Kaduara kakazunguka, kakazunguka, halafu nikaona folda zote zimegeuka njia za mkato, zile za mshale mdogo. Picha hazipo. Ratiba haipo. Nilikuwa nimeona kitu hicho mara tatu siku ile kwenye flashi za wateja wengine, na sasa uvumilivu ukaniisha.

Niseme kwanza jambo moja. Huku kwetu tuna namna yetu ya kuongea. Gari likitoboka gurudumu, tunamwambia dereva, "Umepata pancha." Ng'ombe akijaa kupe, tunamwambia mwenyewe, "Uko na kupe mingi." Mtu na mali yake tunawasema kwa pumzi moja, na hakuna anayekasirika.

Basi nikapaza sauti. "Wee msichana! Uko na virusi! Tena mingi sana! Umetembea wapi mpaka ukapata hizi vitu?"

Akashtuka. Uso wake ulibadilika mbele yangu, nami nikadhani ni aibu ya kuniletea flashi chafu. Akainama karibu na sikio langu akasema, "Anti, punguza sauti, tafadhali."

"Sipunguzi! Unajua utaniambukizia zote? Watu kama nyinyi ndio mnaniua mimi!"

Niliyasema hayo. Nikikumbuka, natamani ardhi inimeze. Alichomoa flashi mwenyewe, akaweka sweta kichwani, akatoka kwenye mvua. Nikawageukia wengine nikasema vijana wa siku hizi hawana adabu ya kuaga.

Nilichokuwa sijui ni nani aliyekuwa ameketi barazani chini ya dirisha. Alikuwa mama mmoja wa makamo, ameleta kitambulisho kutolewa kopi, anangoja mvua. Hakuiona kompyuta wala flashi. Alisikia sauti yangu ikimwambia msichana ana virusi, ametembea wapi, ataambukiza watu, kisha akamwona msichana mwenyewe akipita mbele yake akijifuta macho. Mama huyo alikuwa shangazi wa mchumba.

Siku nne hivi zikapita. Asubuhi moja mama wa msichana akaingia dukani, hakunisalimu. Tumejuana miaka yote hiyo na hajawahi kukosa kunisalimu. Akasimama katikati ya duka.

"Ulimwambia nini mtoto wangu?"

"Mtoto yupi? Kwani amefanya nini?"

"Watu wa mwanaume wametuma neno. Koito imesimama. Wanasema kuna jambo la afya lazima lijulikane kwanza, na kwamba wewe ndiye uliyelisema. Mtoto nikimuuliza, analia tu. Sasa nakuuliza wewe."

Kwanza nilikasirika, maana hiyo ndiyo njia yangu ya kwanza daima. Nikafungua mdomo kujibu. Halafu nikasikia maneno yangu mwenyewe yakirudi kichwani, moja baada ya jingine. "Woi," nikasema. "Woi, mama, ni virusi vya kompyuta! Ni flashi! Nilikuwa naongea na flashi!"

Aliketi kwenye benchi akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi sikucheka. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimejikwaa ulimi hadharani, kwa mtoto wa rafiki yangu.

Nikampigia simu fundi wa Kericho. Nilitaka aje asafishe flashi ya msichana, ambayo mama yake aliiendea nyumbani, na anipe maelezo ya kwenda kuwaambia wale watu. Alikuja siku hiyo hiyo, mtu mpole, haongei sana. Akatoa flashi yake mpya kabisa, bado iko kwenye pakiti. Akaichomeka kwenye kompyuta yangu ya katikati, akaichomoa, akaiweka kwenye laptopu yake. Akanionyesha. Yale mafaili yenye mshale yalikuwa yameshaingia.

"Mama," akasema, "wateja hawakuletei. Ni wewe unawapatia. Antivirasi ulizima lini?"

Nikaikumbuka ile siku ya soko. Ule uzito wote, ule mzunguko wote wa kaduara niliokuwa nikitukana kila asubuhi, ulikuwa ugonjwa ninaougawa Litein nzima. Flashi ya msichana ilifika kwangu nzima ile mara ya kwanza, ikaondoka na maradhi yangu, na aliporudi nikampigia kelele mbele ya watu. Nyani haoni kundule. Fundi alinisafishia zote tatu, akarudisha zile picha, maana hazikuwa zimefutika, zilikuwa zimefichwa tu. Nikaona wachumba wanatazamana tena kwenye skrini.

Kesho yake nikafunga duka, nikaenda na mama wa msichana hadi nyumbani kwa watu wa mwanaume. Tulipewa chai. Walikuwepo baba na mama wa mchumba, yule shangazi, na mchumba mwenyewe ameketi karibu na mlango. Nilieleza yote. Sikujificha. Nilisema virusi vilikuwa vyangu, kompyuta ilikuwa yangu, na mdomo ulikuwa wangu.

Shangazi alinisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Lakini hiyo kompyuta yako ilipata wapi virusi? Kwani ilienda disko?"

Ai, watu walicheka! Baba mtu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nilipoona wamelegea, nafsi yangu ikapanda, nikasimama. Mimi nikipata watu wa kunisikiliza sijui kunyamaza. Nikasema, "Huyu msichana nimemwona akikua. Ni msafi. Msafi kama maziwa. Mimi naapa mbele yenu, hana chochote."

Wakapiga makofi. Koito ikarudishwa siku yake ile ile. Ni mchumba peke yake ambaye hakucheka wala kupiga makofi. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nikadhani ana haya.

Asubuhi iliyofuata nilizichapisha zile ratiba, rangi nzuri kabisa, nikazifunga kwa utepe kama zawadi. Msichana alipoingia nikamkumbatia. Nikamsimulia safari yote, na ile ya disko, na nilivyosimama, na nilivyoapa. Nilikuwa nangoja anishukuru. Yeye akaenda akaurudisha mlango nusu, akarudi akaketi karibu nami.

"Anti," akasema, "siku ile ulipopiga kelele, nilidhani umeona kadi yangu ya kliniki. Huwa naiweka kwenye ule mfuko ninaobebea flashi. Nilidhani imeanguka kwenye meza yako."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

Alijua hali yake tangu akiwa chuoni. Anakunywa dawa kila siku bila kukosa, na daktari alishamwambia virusi havionekani tena kwenye damu. Mchumba wake anajua. Walikwenda kliniki pamoja kabla hata ya kuzungumza habari za ndoa. Walikuwa wamepanga kuwaambia wazazi wenyewe, polepole, wakianza na mama yake yeye, kabla ya koito. Walikuwa wameshachagua hata Jumapili.

"Kwanza uliwaambia niko nayo, na hukuwa unajua," akasema. Hakupaza sauti hata kidogo. "Halafu ukaenda ukawaambia sina, na pia hukuwa unajua."

"Nisamehe, mtoto wangu. Nilitaka kukusaidia."

"Najua. Lakini sasa nikiwaambia, nitaonekana mwongo, na wewe utakuwa umeapa uongo kwa sababu yangu. Umesema mimi ni msafi, Anti. Watu wakapiga makofi. Kwa hivyo mtu kama mimi ni nini? Mchafu?"

Nililia pale pale. Sioni aibu kusema. Alinishika mkono, yeye ndiye akanibembeleza, kisha akachukua ratiba zake akaenda zake.

Koito ilifanyika. Hema lilikuwa zuri, mursik ulitosha. Wazee walipomuuliza msichana kama anawajua wageni hawa na kama wamekuja kwa ridhaa yake, alijibu ndiyo, wazi, bila kuinamisha kichwa. Hapo shangazi akanyoosha kidole kwangu nilikokuwa nimeketi na akina mama. "Na kompyuta yako, imepona?" Hema lote likaangua kicheko. Waligeuza shingo kunitazama, wakingoja nijibu, maana wananijua. Msichana naye alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na la kusema, na hata kunyamaza kwangu hakukuwa na faida, kwa sababu kulikuwa ni uongo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Siku hizi kompyuta zinakaguliwa kila asubuhi, hata zikitambaa. Wateja wakilalamika nawaambia wakae wanywe chai. Flashi ikiwa na shida, naandika kwenye karatasi, "Hii flashi ina tatizo, halikutoka kwako," namsogezea mwenyewe asome. Wengine hunicheka kwamba nimekuwa bubu uzeeni. Sawa tu.

Waliwaambia wazazi miezi mingi baadaye, wakiwa wameshaoana. Mimi sikuwepo, alikuja kunisimulia mwenyewe. Mama yake alilia, akamkumbatia. Wengine waliuliza habari za dawa, habari za watoto, na mume wake akawajibu. Shangazi aliuliza swali moja tu. Aliuliza, "Lakini si yule mama wa saiba aliapa kwamba wewe ni msafi?"

Msichana akamwambia, "Aliapa kweli, shangazi. Mimi ni msafi. Ni vile tu yeye hakujua alichokuwa anasema."

Shangazi alijifunga leso akaenda kwake bila kumaliza chai. Alirudi baada ya wiki tatu, ameleta kuku. Kwangu bado hajaja. Kopi zake siku hizi anaenda kuzitolea mbali, mpaka Soin, na nauli analipa.