Kirukanjia Aliyepoteza Lebo

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelalia msitu wa mlimani. Mama Lebo anapiga magoti mbele ya ndoo ya mtego iliyofukiwa ardhini hadi mdomoni, anachungulia. Ndani mna majani mawili na mende.

"Huyu naye, kila siku yupo," anasema, akimtoa kwa kijiti.

Mama Lebo, mwenye miaka arobaini na sita, hukusanya ndege na wanyama wadogo kwa ajili ya jumba la makumbusho. Alianza kama mpishi wa kambi ya watafiti. Akisubiri maji yachemke, alikuwa akiwatazama wakichuna ndege na kuwajaza pamba, hadi siku moja wakamwachia kisu. Leo chiriku mmoja humchukua dakika ishirini.

Jina la utani limetokana na ukali wake: kila mnyama lazima afungwe mguuni kikaratasi chenye tarehe, mahali na mwinuko. "Asiye na lebo ni kitoweo tu," husema.

Ndiyo maana kosa la mwaka jana linamuuma. Alinasa kirukanjia, mnyama wa kutosha kiganjani, mwenye pua ndefu. Huyu mkia wake ulikuwa na ncha nyeupe. Mvua ilikuwa inanyesha, penseli hajui kaiangusha wapi, akaandika lebo kwa kalamu ya wino. Chupa aliyomhifadhia ilipofika mjini, spiriti iliyomo ilikuwa imefuta maandishi yote. Mtaalamu alisema hajawahi kuona wa aina ile, lakini bila kujua katoka wapi hawezi kumwandika popote. Na Mama Lebo, aliyezunguka vilima vinne siku hiyo, hakuweza kuapa ni kipi.

Miezi saba sasa anatafuta mwingine. Mdogo wa mumewe, anayembebea nyavu za ndege, hamwachi apumue. Watu wazima wanatafuta viwanja, anamwambia, yeye anatafuta panya.

"Si panya, shemeji. Panya ni wewe unayemaliza mkate wangu."

Kwenye ndoo ya thelathini na moja, utani unakatika. Chini kuna kitu kinatetemeka. Ncha ya mkia ni nyeupe.

Anamnyanyua kwa kitambaa, anampindua taratibu. Chuchu zimevimba. Ananyonyesha, na kanuni ya kambi ni kwamba anayenyonyesha huachiwa.

Shemeji anamkumbusha miezi saba, na kwamba kambi inafungwa mwezi ujao. Tena hapa nani anawaona?

"Watoto wake wataona, shemeji. Nipe mizani."

Gramu tisa. Anampiga picha kwa simu, anampima mkia kwa rula, anamshusha kwenye mizizi. Kufumba na kufumbua, hayupo.

Mama Lebo anashika penseli, ambayo tangu mwaka jana huning'inia shingoni mwake kwa uzi. Kwenye kikaratasi kipya anaandika kilima na mwinuko.

"Sasa najua anakokaa," anasema. "Baada ya wiki tatu wanawe watakuwa wanajitegemea. Nitakuja kubisha hodi."

Sehemu ya tarehe anaiacha wazi.