Mguu Chini ya Gari

Nichekeni, lakini hasira yangu ilikuwa na sababu. Mume wangu ameshusha gari lake la michezo hadi linakaribia kulala chini, kisha akalifunga rimu na tairi pana zinazokwaruza bodi. Jana lilishindwa kutoka getini, nikatembea hadi kliniki Marani, mtoto mgongoni.

Niliporudi, gari lilikuwa juu ya jeki, miguu yenye ovaroli ya mume wangu imechomoza chini yake. Nikakamata mguu, nikavuta.

“Toka huko, kichwa maji! Ulinioa mimi ama tairi?”

Akatoka baba mkwe, amepakaa grisi mpaka kwenye kipara. Sisi Wagusii, mkwe kama huyo, kwa heshima, hata mkono wa salamu hapewi.

Nyuma yangu mume wangu akakohoa.

“Mama Kemunto, sasa hiyo mguu ya Baba utaachilia saa ngapi?”